Sauti za bibi nimezifuta mwenyewe

Leo asubuhi nimefuta sauti zote za bibi yangu, tena huku napiga mluzi.

Miezi mitatu nimekuwa naenda Madale kumrekodi akitaja majina ya ukoo wetu. Sauti hazibaki kwenye simu, zinaingia moja kwa moja kwenye programu niliyoitengeneza mwenyewe, inayokaa ndani ya kontena.

Siyo la bandarini jamani. Ni kama boksi la kuendeshea programu kwenye kompyuta. Ukilifuta, vilivyomo vinaondoka nalo, ndiyo maana unaliunganisha na hifadhi ya nje.

Na mie nililiunganisha. Ila kwenye faili la mipangilio niliandika folda nyingine kabisa, siyo ile ambayo programu inatupia sauti.

Leo nikafuta kontena la zamani, nikawasha jipya. Nikafungua hifadhi.

Tupu. Haijawahi kuingia hata sauti moja, na mie sikuwahi kuichungulia.

Nimetoka Kimara hadi Madale hapo hapo.

"Shikamoo bibi. Zile sauti zimepotea zote."

"Marahaba. Kwani mie si nipo? Washa hiyo simu tuanze upya."

Akamtaja baba yake. Akamtaja babu yake. Akafika kwa baba wa babu yake, akakwama.

Siku ile ya kwanza alilitaja hilo jina bila hata kufikiri.

"Nikumbushe mjukuu wangu," akasema. "Si ulilihifadhi wewe?"

Wataalamu, kontena likishafutwa linarudi? Naombeni mnijibu sasa hivi. Simu bado inarekodi, na bibi bado ananiangalia.