Ngoma na Mgongo wa Shangazi

Bibi yangu, Mnubi, alikuwa mpiga ngoma wa harusini, na ndiye aliyenifundisha. Nilipokuwa daktari, shangazi alinifokea: “Daktari hapigi ngoma mbele za watu. Unatuaibisha!” Nikaiacha ngoma, kwa hasira.

Mwaka jana akaletwa wodini kwangu, hospitali ya Mulago, akihema. Nikamgonga mgongo kwa vidole, kama tunavyowapima wagonjwa. Juu palilia kama ngoma iliyoanikwa juani. Chini palikuwa pazito, kama ngoma iliyolowa. Nikajua maji yamezunguka pafu. Tukayatoa, akapona.

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya bintiye, shangazi alimnyang'anya mpigaji ngoma yake, akaniwekea mapajani. “Piga, mwanangu. Mgongo wangu unaijua mikono hiyo.”

Nikapiga. Akavua viatu, akacheza, na pumzi ikamtosha.