Habari za Joto, Njombe, Mwezi wa Saba

Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, enzi zile soko huria limetujazia mitumba mpaka vijijini, nilihudhuria mhadhara mmoja kuhusu dunia kupata joto, nikatoka mtaalamu. Nilipokwenda likizo nikamsihi baba aniombee nafasi ya kuzungumza na waumini baada ya misa, kijijini kwetu karibu na Uwemba. Baba, mwenyekiti wa kigango, akamwendea padri. Aliporudi aliniambia tu, "Nafasi umepata. Usiniaibishe."

Siku mbili kabla ya hapo, niliposhuka basi Makambako na shati langu la Dar es Salaam, muuza mitumba mmoja mwenye baraghashia alinivisha koti kabla sijauliza bei.

"Huko juu unakwenda kufanya nini, mwanangu?"

"Kuwaeleza watu kwamba dunia inapata joto."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Subiri basi nimalize mzigo huu wa makoti!"

Jumapili sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ililala nyeupe hadi kwenye ngazi za kanisa. Watu wakakusanyika nje kuota jua, nami nikahubiri gesi, moshi wa viwanda, joto kupanda. Wakapiga makofi, tena ya furaha ya kweli.

"Litafika lini?" aliuliza bibi mmoja aliyejifunika blanketi. "Hata kesho lije!"

"Waambie wenye viwanda wachochee!" akadakia mwanakwaya.

Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilibakiwa na habari za visiwa kumezwa na bahari, na pale nani alikuwa na kisiwa? Nikaropoka, "Na mvua zikivurugika, mianzi haitatoa kitu. Ulanzi basi!"

Pombe hiyo tunaigema kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, na kwetu bila ulanzi harusi haichezwi wala jirani haji kukusaidia kulima.

"Si ungeanzia hapo, mjukuu wangu!" bibi akafoka. "Unatuzungusha na viwanda!"

Maswali yakamiminika: moto wa milimani, miti iliyokatwa kwenye chemchemi, nani aitwe mkutano wa kijiji kwa kuikata. Nusu ya majibu sikuyajua, lakini nilijibu yote.

Kwa kawaida tukitoka kanisani baba alitembea mbele, kimya. Siku hiyo alisimama kila nyumba kusalimia. "Kamwene! Mmemsikia huyu?" Na hata waliosikia akawasimulia upya. Tulifika nyumbani ugali umepoa kabisa, mama akatugombeza wote wawili.