Filamu Moja ya Shangazi

Siku Shangazi alipozikwa, wasifu wake ulisomwa na jirani mwenye sauti nzuri lakini asiyejua sana mambo ya kazi ya marehemu. Alipofika mstari wa mwisho akasoma, "Marehemu aliwahi kuifanyia Serikali filamu moja." Akageuza karatasi, kana kwamba anaitafuta ya pili, kisha akaikunja. Huko nyuma mtu akanong'ona, "Miaka yote ile na kamera begani, moja tu?"

Kaka wa marehemu, karani mstaafu, aliinamisha kichwa. Alijua kwa nini ni moja. Na kwa kuwa maiti hana mdomo wa kujitetea, na Mungu hapendi mtu apunguziwe haki yake hata akiwa kaburini, ni vyema habari hiyo isimuliwe ilivyokuwa.

Shangazi alikuwa mtayarishaji huru wa filamu za maisha halisi. Majirani walipomuuliza yuko huru kivipi, aliwajibu, "Huru kutoka kwenye mshahara." Aliishi vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa ofisi, chenye meza ya kompyuta na pazia zito la kuzuia jua. Cha nyuma kilikuwa kila kitu kingine. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, ukikohoa huku unasikika kule.

Riziki yake kubwa ilikuwa video za harusi, na huko ndiko alikopata sharti lake. Zamani, akiwa bado mgeni katika kazi, aliwapelekea wakwe video ya harusi kabla bibi harusi hajaiona. Mle ndani binti alikuwa ameonekana akilia jikoni, amegombana na mama yake. Wakwe walimcheka kwa kilio kile mwaka mzima. Tangu hapo Shangazi hakumpa mtu kazi iliyokamilika kabla ya mwenye uso uliomo kuiona. Hilo alilishika kama alivyoshika sala zake.

Sasa, Serikali ilikuwa imeanzisha Mfuko wa kuagiza filamu kwa watu kama yeye. Mhariri wa Mfuko hutangaza anataka filamu za aina gani. Watayarishaji hupeleka wazo lao kwa kurasa chache. Wenye bahati huitwa mbele ya jopo kujieleza. Ukikubaliwa unapewa fungu la kuanzia, unapiga picha, unaleta filamu ikiwa bado mbichi, ofisi inasema ongeza hapa punguza pale, ndipo unamaliziwa malipo na filamu inapelekwa hewani. Shangazi alikataliwa mara nyingi mpaka askari wa getini akamzoea.

"Mama, leo tena?"

"Leo tena, mwanangu. Mlango wenu ukichoka kunifukuza utanifungulia."

Ukamfungulia kweli. Alipeleka wazo la filamu kuhusu wafuaji wa hospitali kubwa, wale wanawake wa chini kabisa ya jengo ambao wagonjwa hawawaoni. Mzee mmoja wa jopo akauliza nani atakaa kutazama shuka zikifuliwa.

"Kila aliyewahi kulazwa," Shangazi akamjibu. "Kwani wewe baba ulizaliwa wapi? Hiyo shuka alifua nani?"

Jopo zima likacheka, mzee naye akacheka, na kazi akapewa.

Mkataba alisomewa na kaka yake, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Sikiliza vizuri. Wewe hapa ni fundi, wenye nyumba ni wao. Filamu ni yao. Picha ghafi zote, hata ambazo hutazitumia, ni zao, zinaingia kwenye ghala la Mfuko. Na hapa: haonyeshwi mtu wa nje kabla ofisi haijapitisha."

"Mtu wa nje ndiye nani?"

"Asiyekuwa wewe wala wao."

"Na mwenye uso je?"

"Hajatajwa."

"Basi hajakatazwa."

"Dada yangu," kaka mtu akasema akivua miwani, "ungesomea uwakili ungetupeleka ukoo mzima jela."

Shangazi alihamia chini ya hospitali na kamera yake. Kulikuwa na joto la pasi kubwa, mashine zilizonguruma kama zina deni na mtu, na sakafu isiyokauka. Mkubwa wa wafuaji walimwita Mama Povu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono iliyokunjamana kwa sabuni. Siku za kwanza alimkimbia Shangazi. Baadaye akawa ndiye anayemwambia asimame wapi.

Mchana mmoja, mashine zimezimwa na wenzake wamekwenda kula, Mama Povu alikaa juu ya furushi akaanza kusema bila kuulizwa.

"Siku moja liliteremshwa furushi kutoka chumba cha dharura, limelowa vibaya. Nikawaambia wenzangu, huyu naye kaja kutumalizia sabuni. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikaifua ile shuka, nikaianika. Jioni navua aproni, muuguzi akaniita pembeni. Alikuwa mwanangu. Pikipiki yake iligongwa na gari. Ile shuka ilikuwa yake."

Shangazi aliiacha kamera iendelee kurekodi.

Filamu ikiwa bado mbichi aliipeleka ofisini, kama mkataba ulivyotaka. Mhariri wa Mfuko, kijana mpole aliyekuwa akiweka tai mfukoni mpaka aitwe na wakubwa, alimpigia simu siku hiyohiyo.

"Mama, mwanzo fupisha. Mashine punguza kelele. Lakini pale kwenye shuka, tafadhali, usiguse kitu. Nimelia na mlango wa ofisi uko wazi. Hapo ndipo ulipo moyo wa filamu."

Shangazi alimshukuru Mungu kwa sauti, ukuta wa mbao ukasikia. Kilichobaki ni sharti lake. Akamwalika Mama Povu nyumbani, akamkalisha mbele ya kompyuta, akavuta pazia.

Mwanzoni Mama Povu alifurahi kama mtoto. "Kumbe kwa nyuma niko hivi na mnaninyamazia! Ndiyo maana aproni haifungi." Lakini alipojiona ameketi juu ya furushi, kicheko kikakatika.

"Zima, dada."

Shangazi akazima.

"Mume wangu hajui."

"Hajui nini, shoga? Msiba si ulikuwa wenu wote?"

"Kifo anakijua. Kicheko hakijui. Hajui kwamba niliicheka damu ya mtoto wake."

Kisha Shangazi akamuuliza kwa upole, "Mbona mimi ulinieleza?"

"Wewe ulikuwa umenyamaza tu. Mtu akikunyamazia vile, maneno hutoka yenyewe." Mama Povu akajifuta uso kwa kiganja. "Sikukatazi kabisa. Nitamwambia. Lakini nimwambie mimi, yuko mbele yangu. Asije akaliona kwenye televisheni ya hoteli huko njiani, amezungukwa na madereva."

Mume alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuwa amevuka mpaka, na hakutarajiwa kurudi kabla ya mwezi kwisha. Jambo kama lile halisemwi kwenye simu.

Shangazi akaenda kwa mhariri, akamweleza yote bila kupunguza. Kijana alishika kichwa.

"Kwanza ulimwonyesha!"

"Nilimwonyesha."

"Mama, hata mimi ningetaka kumsubiri. Lakini mwaka wa fedha unafungwa mwisho wa mwezi huu. Fungu lisilotumika linarudi Hazina, na likirudi huko halina njia ya kunirudia. Nikisubiri, hakuna filamu."

"Basi nitaitoa sehemu ile."

"Jopo liliagiza kiti, wewe unataka kuniletea cha miguu mitatu."

"Cha miguu mitatu ndicho kisichoyumba, mwanangu. Kalia uone."

Kijana akatabasamu bila kupenda. Kisha uso wake ukarudi kazini. "Itoe. Nitawaeleza jopo. Lakini picha ghafi lazima zije zote, na hiyo ikiwemo. Na nisikufiche: ikishaingia ghalani, mwaka kesho mtu mwingine anaweza kuiomba na kuitumia kwenye filamu yake. Sitakuwa na nguvu ya kumzuia."

Hilo Shangazi hakuwa amelifikiria. Alirudi nyumbani akaisuka filamu upya bila Mama Povu kwenye furushi, na kila alipoitazama aliona pengo. Mashine zilizimwa, zikawashwa, kati yake hakuna kitu. Kaka yake alimshauri awape tu. "Nani atakwenda kuchimbua ghala la Serikali?"

"Wewe ulikuwa karani," Shangazi akasema. "Kuna faili ulilolizika likakaa limezikwa?"

Karani mstaafu akaanza kufuta miwani.

Asubuhi ya kukabidhi, Shangazi alisali kuliko kawaida yake. Hakuomba miujiza. Aliomba asiwe na kiburi ndani ya jambo analolidhani ni jema, maana alijijua. Halafu akaweka kwenye mkoba filamu na picha ghafi zote isipokuwa ya mchana ule mmoja, akaenda akamwambia mhariri hivyohivyo.

Kijana akashusha sauti. "Diski huharibika, mama. Ukiniambia imeharibika, mimi nitaandika imeharibika."

"Haijaharibika. Andika imebaki kwangu, na uandike kwa nini."

"Unajua nikiandika hivyo nini kitafuata?"

"Najua. Nimesomewa."

Akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa kazi yake, na alimsindikiza Shangazi mpaka getini. Filamu ilipita, ikaonyeshwa siku ya kazi saa ambayo watu wengi wako njiani. Waliobahatika kuiona waliisifu kwa adabu, kama mtu anavyosifu chakula kisichokolea chumvi. Mwaka uliofuata Shangazi alipeleka wazo jingine likarudishwa bila kusomwa, na la baada ya hapo vilevile. Mfuko ulikuwa umeandika kwamba haheshimu mkataba, na kwa kweli hakuuheshimu. Akarudi kwenye harusi zake. Hiyo ndiyo hesabu ya ile moja.

Iliwahi kumuuma? Ilimuuma sana. Aliposikia mwenzake amepewa kazi na Mfuko alimpongeza, kisha akaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Wanaosema aliridhika mara moja hawakuishi naye.

Lakini kuna jioni moja ambayo msomaji wa wasifu hakuwa nayo. Wiki chache baada ya filamu kuonyeshwa, Mama Povu alibisha hodi akiwa na mwanamume mrefu aliyevua viatu mlangoni na kusimama kama mtu aliyeitwa kituoni. Ndiye dereva.

"Nilijaribu kumwambia," Mama Povu akasema. "Nikifika pale kwenye kicheko nashindwa. Tuwekee, dada. Nitakaa naye."

Shangazi akawawekea, akawaachia chumba cha mbele, akapita nyuma kuchemsha chai. Aliisikia sauti ya Mama Povu ikisimulia kutoka kwenye kompyuta, mpaka mwisho. Maji yakaanza kuchemka.

Ndipo akamsikia dereva, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwa hiyo alipita mikononi mwako, mke wangu. Siku zote nilidhani mtoto wetu alikwenda peke yake, kati ya watu asiowajua."

Mama Povu akaangua kilio ambacho, kwa maneno yake mwenyewe baadaye, kilikuwa kimemsubiri tangu siku ile ya muuguzi. Shangazi alizima jiko. Akajitanda kanga, akatokea mlango wa nyuma, akaenda dukani kutafuta kitu asichokihitaji, akakaa huko akizungumza na muuza duka mpaka giza likaingia.