Kumi na Mmoja Walioumwa Tumbo

Bwenini walimwita Mama Funguo, na wala hakuchukia. Ukisikia mlio wa funguo kiunoni mwake unakuja, unasukuma jiko la umeme chini ya kitanda haraka. Alianza chuoni akifua mashuka, akapanda taratibu mpaka akawa matroni wa wasichana mia mbili, miaka kumi na sita sasa. Daftari nene la bweni, lile lile tangu siku ya kwanza, halikumtoka kwapani. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akimtania kwamba daftari ndilo mume wa kwanza, yeye wa pili.

Alasiri hiyo ukumbi ulifurika hadi madirishani. Wiki tatu chuo kizima kilikuwa hakikaliki, tangu binti mmoja wa mwaka wa pili abandike tangazo kwamba alibakwa na mwalimu msaidizi, akalalamika, na hakuna aliyemwita hata kumuuliza. Leo kila mwenye neno alikuja nalo. Wengine walitaka mambo hayo yaende polisi moja kwa moja, chuo si mahakama. Wengine walidai kamati, lakini isijazwe marafiki wa mtuhumiwa. Kijana wa sheria akasema hata mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa. Binti akamjibu, "Sikatai. Na mimi nitasikilizwa lini?"

Makofi hayo! Mama Funguo, safu ya nyuma, mwili ulimsisimka. Watoto wake walikuwa wanajua kubishana, jamani.

Ndipo akasimama mlezi wa wanafunzi, mzee wa suti, sauti ya asali.

"Ndugu zangu, maneno hayavunji mfupa. Daftari la bweni halina lalamiko hata moja la aina hii. Matroni wetu yule pale, muulizeni. Na anayechafua jina la chuo kwa uongo, adhabu yake ni kufukuzwa."

Ukumbi mzima ukageuka. Mama Funguo akalibana daftari kwapani. Maana kila msichana alipomjia analia kwa jambo kama hili, alimpigia mlezi simu, na jibu lilikuwa lile lile: "Andika tumbo, mama. Tumsitiri mtoto wa watu. Mengine niachie." Naye, mtu wa kutii, akaandika tumbo. Ila hao aliwaandika kwa kalamu ya kijani, ili akumbuke kupita vyumbani mwao kuwajulia hali. Kumbe mwenzake alikuwa anajijengea ukuta kwa mwandiko wake! Hasira ilimpanda, ikachanganyika na furaha ya ajabu, kama mtu aliyetua mzigo kabla hata hajafika.

Akijua kibarua kinaota nyasi, akasimama. Liwalo na liwe.

"Bwana mlezi, sema yote. Humu daftarini wamo wasichana kumi na mmoja wa wino wa kijani. Nimewaandika wanaumwa tumbo. Hakuna aliyeumwa tumbo. Uliniambia wewe, na nikaandika mimi."

"Mama, kaa chini," mlezi akasema, asali imekauka.

"Nimekaa miaka kumi na sita, baba."

Kelele zilizozuka hapo, hata waliokuwa madirishani waliingia ndani. Binti wa mwaka wa pili akaja mpaka mbele yake, machozi yamemjaa machoni.

"Na mimi mama uliniandika tumbo?"

"Na wewe, mwanangu. Nilidhani nakusitiri. Nisamehe."

Binti hakusema amesamehe. Alichukua kalamu kwenye mfuko wa mama, akampa mkononi, akaonyesha daftari. Mama Funguo akakata lile neno, akaandika kilichotokea, na tarehe ya leo pembeni.

Hapo msaidizi wa maktaba, mwanamke mwenye watoto wawili, aliyesomea chuo hicho hicho, akapenya katikati ya watu. Kwa kawaida huyo hata salamu yake huisikii.

"Na mimi, mama," akasema. "Miaka tisa iliyopita, chumba cha kumi na nne. Nitafute humo, kwenye wino wa kijani."