Maziwa kwa Mtu Asiyeamka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Kitshanga, Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alinikabidhi saa hata kabla ya koti. "Kwanza hesabia muntu pumzi," akasema. "Jina yake utauliza nyuma." Nikaona mzee ana maringo tu. Nilikuwa na diploma mpya, na diploma mpya huziba masikio.

Wiki hiyohiyo Titulaire alikwenda kuchanja watoto, nikabaki peke yangu. Akaletwa mwendesha pikipiki, mwana wa Mama Furaha. Wamotari kama yeye walizoea kumeza tramadoli, vidonge vya maumivu makali, ili mgongo usisikie mashimo ya barabara. Yeye alivimeza pamoja na kanyanga, pombe kali ya kwetu. Alikoroma kwa shida, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimesinyaa.

"Wamemupa sumu!" mama yake alilia. "Alikula kwa wifi yangu!" Mkononi alikuwa na kopo la maziwa. Kwetu Masisi ni nchi ya ng'ombe, na sumu huwahiwa kwa maziwa; hata mimi nililelewa hivyo. Nikashika kichwa cha kijana, mama akamimina. Maziwa yakaingia mapafuni, akafa mikononi mwetu.

Titulaire aliporudi aliniuliza, "Ulihesabu pumzi?" Nikamweleza dalili zote, na yale maziwa. "Haikukuwa sumu, ni vidonge. Muntu hawezi kumeza, na we unamupa maziwa?"

Sikumwambia Mama Furaha. Akaacha kumsalimia wifi yake, na watu wakaacha kununua mihogo ya yule mwanamke sokoni. Nilikuwa mwoga, ninasema wazi.

Baadaye nilihamishiwa Mubi, kule Walikale. Mganga Mkuu wa Zone, yaani wilaya ya afya, alitaka wanaomeza vidonge wapelekwe polisi. "Docteur," nikamwambia, "tukiwafukuza, watamezea mu pori na watakufa peke yao." Akaniacha nijaribu. Nikawafundisha wachimbaji na wamotari: usimeze ukiwa peke yako, usichanganye na pombe. Asiyeamka mlazeni ubavu. Pumzi ikififia, mpulizieni kinywani, na mmoja akimbie kumwita muuguzi mwenye naloksoni, sindano inayorudisha pumzi. Maziwa, hapana. Waliopona kwa kupuliziwa nami walikuja kunitania kwamba pumzi yangu inanuka sombe, mboga ya majani ya mihogo.

Ninyi wauguzi vijana mnaonisikiliza, mficha maradhi kifo humuumbua, na pensheni haimfutii mtu kitu. Nilipostaafu nilirudi Kitshanga, nikaenda kwa Mama Furaha, nikamwambia yote.

Aliendelea kuchambua maharage. "Wamotari ya Mubi waliniambia kuko infirmier alitokaka hapa, anakataza wagonjwa maziwa. Nikajua siku ile ni wewe, na ni maziwa njo iliua mwana. Ni miaka nakungoja, Papa."

"Nisamehe, Mama."

"Wewe ulishika kichwa tu. Miye njo nilimimina." Akaweka ungo chini, akajifunga kitambaa kichwani. "Simama, tuende kwa wifi. Utaanza kusema wewe. Miye nitashindwa."