Mama Mkwe Kwenye Barafu ya Bocknase

Mama mkwe wangu hajui kurudi nyuma. Ana miaka sabini na minne, mkono aliouvunja Desemba bado unamuuma, na Jumamosi ile upepo ulikuwa unang'oa vigae vya zizi la jirani. Lakini saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwetu, skii zake za kutelezea thelujini begani, ananiangalia ninavyofunga viatu kana kwamba nafunga vya watu kumi.

"Gebhard, mlima hausubiri," akasema.

"Mlima uko palepale miaka yote, Mama Obwexer. Ninyi ndio hamsubiri."

Ndiyo, "ninyi". Kwetu Tirol, kwenye milima ya Alpi, mkwe hamwambii mama mkwe "wewe". Unamwambia "ninyi", utadhani kaja na wenzake, mpaka siku atakayokuruhusu mwenyewe. Shemeji yangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, aliruhusiwa siku ya harusi yake, hata keki haijakatwa. Mimi, fundi wa majiko niliyetoka bonde la pili, mwaka wa kumi na tisa huu nangoja. Ila mlimani sheria ni nyingine. Ukishapita mita elfu mbili, kila mtu ni "wewe", awe jaji, awe padri, awe mama mkwe. Kwa hiyo mimi nina mdomo saa chache tu kila Jumamosi.

Ndiyo maana mke wangu Roswitha alinivutia jikoni kabla sijatoka. "Leo umwambie. Mama aache mlima. Tumeshakubaliana wote. Ukirudi hujamwambia, usiniletee uso wako hapa."

"Kwa nini mimi? Mama ni wako."

"Mimi nikimwambia ananituma kuni."

Na kweli anamtuma. Kreszenz Obwexer alikuwa mkunga miaka arobaini na moja, na nusu ya bonde hili imetolewa na mikono yake. Mwenyekiti wa kijiji akimpinga mkutanoni, anamkumbusha mbele ya watu kwamba alizaliwa ametanguliza makalio. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Tukapanda Bocknase, mlima wetu wa kila Jumamosi. Kwenye mti wa mwisho, pale mita elfu mbili zinapotimia, nikavuta pumzi ili nianze, naye akaniwahi.

"Tangulia wewe," akasema.

Hilo nalo lilikuwa jipya la mwaka huu. Zamani hakuna aliyeruhusiwa kupita mbele ya Kreszenz. Yeye ndiye aliyechora njia kwenye theluji na sisi tulifuata kama vifaranga. Tangu Januari ananitanguliza mimi. Moyoni nilijiona nimepandishwa cheo, nisiseme uongo.

Basi nikatangulia, nikawa napiga kelele kwa nyuma. Tatizo upepo ulikuwa unapanda nasi kutoka bondeni, unanipiga mgongoni na kuyachukua maneno yangu kwenda nayo juu, wakati yeye yuko chini.

"Kreszenz, familia imekaa!"

"Imekaa wapi? Hapa hakuna pa kukaa, endelea."

"Imekaa kikao! Imeamua uache!"

"Niache nini?"

"Mlima!"

"Najua ni mlima, Gebhard. Ulidhani ni sokoni?"

Niliumia roho, lakini nikaendelea kupanda. Kila hatua mia nilijaribu tena, na kila mara upepo ukanipora. Kisha theluji ikaisha, ikaanza barafu tupu, ngumu, inayong'aa kama sahani iliyooshwa. Chini ya skii zetu tunabandika ngozi zinazozuia kuteleza kinyumenyume, lakini ngozi haishiki barafu. Kwa barafu kuna meno ya chuma ya kufunga kwenye skii, chini ya kiatu. Mimi nilikuwa nayo. Yeye yake aliyaacha garini, eti meno ni ya watalii.

Nikamvalisha yangu. Nilipiga magoti kwenye baridi ile, vidole vimekufa ganzi, nafunga meno ya chuma kwenye skii za mwanamke asiyetaka hata kuniita mwanangu, naye juu yangu ananiambia nafunga polepole. Nilichoka naye. Nasema wazi, nilichoka naye kabisa.

Hatua ishirini mbele nikaanguka mimi. Skii zilinitoka chini, nikateremka kwa ubavu kama mita tano, nikakwama kwenye jiwe. Kreszenz alikuwa anakuja moja kwa moja. Hakusimama wala hakuuliza kitu. Alikuja mpaka skii yake ikapanda juu ya mkono wangu.

"Mbona umesimama?" akauliza.

"Nimeanguka. Hukuona?"

"Aa," akasema.

Nyuma ya jiwe lile upepo ulikuwa haufiki. Nikajivuta nikakaa, nikafuta damu ya pua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikawa sina haja ya kupiga kelele. Nikamwambia yote. Kwamba ni mzee, kwamba Desemba alilala kwenye theluji kwa muda wa saa tatu mpaka wachana mbao wakamwona, kwamba Roswitha halali usingizi, kwamba mimi mwenyewe nimechoka kuvaa hofu kila Jumamosi. "Uache, Kreszenz. Leo iwe mwisho. Na hapa tulipofika turudi."

Nilijiandaa kutukanwa.

"Sawa," akasema.

Miaka kumi na tisa sijawahi kulisikia neno hilo kutoka kwake, na liliniogopesha kuliko kuanguka.

"Sawa nini?"

"Sawa, turudi. Lakini sioni, Gebhard. Katikati ya macho yote mawili pana doa. Lilianza kiangazi. Pembeni naona kidogo. Kupanda nafuata hilo koti lako jekundu. Leo theluji inapeperuka hivi, hata koti naliona mara moja moja. Kuteremka juu ya barafu hii siwezi."

"Na ulikuja?"

"Ningesema nini kwenu? Ningesema mkunga haoni?"

Nilitaka kumkemea na nilitaka kulia, vyote pamoja, na baridi haikuniachia nafasi ya hata kimoja. Chini yetu palikuwa na mteremko wa mita mia tatu, na upande wa kushoto genge. Kuita helikopta kwa upepo ule ilikuwa kujidanganya. Nikamfungua meno ya chuma, nikabandua ngozi zake na zangu, nikazisukumia ndani ya koti.

"Utanifuataje?" nikauliza.

"Macho ndiyo yamekufa. Masikio yangu ni ya mkunga. Nimesikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kipembe cha mbao huku mama anapiga mayowe na mume anapiga mlango. Wewe tangulia, uwe chini yangu, kulia kwangu daima, na usinyamaze."

"Niseme nini?"

"Nitukane. Ndicho unachokitaka tangu asubuhi."

Basi nikateremka kwa ubavu, skii zikikwaruza barafu, na nikamtukana. Upepo uleule ulionipora maneno wakati wa kupanda sasa ulikuwa unanipiga usoni na kumpelekea yeye juu. Kreszenz, wewe mkaidi. Ulisema jiko nililokujengea linatoa moshi, na lilikuwa halitoi. Ulinikalisha na watoto kwenye mazishi ya mume wako. Ulimwambia daktari wa meno kwamba mkwe wako ana akili za mikononi tu. Nyuma yangu nilisikia skii zake zinakwaruza, kwaru, zinasimama, kwaru tena.

"Endelea," alikuwa anasema. "Jiko lilikuwa linatoa moshi kweli."

Niamini au usiniamini, makosa yake ya miaka kumi na tisa yaliisha kabla hatujafika nusu ya mteremko. Nikatafuta mengine, hakuna. Nikarudia ya jiko. Kisha kikabaki kitu kimoja tu, ambacho kule bondeni hakikuwahi kunitoka, kwa sababu hakikai vizuri kwenye "ninyi". Roswitha alipokuwa anamzaa binti yetu Magdalena, barabara imezibwa na theluji, Kreszenz alipiga magoti saa ishirini na mbili bila kuinuka, akanirudishia mke na kunipa mtoto, wote wazima. Nami asubuhi yake nilimpa mkono tu, kama anavyopewa mtu aliyeleta barua.

Nikaanza kumwambia hayo, na sauti yangu ikashuka yenyewe.

Skii zake zikanyamaza huko juu.

"Gebhard, nakupoteza," akaita. "Sikusikii. Kama unanishukuru, nishukuru kwa sauti."

Nikageuka nikautazama mlima, nikamwona mdogo, amesimama katikati ya weupe ule na mikono mbele. Nikamshukuru kwa sauti yangu yote, na mara ya pili, na ya tatu, mpaka nikasikia skii zake zinakuja.