Matembele Chini ya Kilemba

Wiki iliyopita, kwenye forodha ya uwanja wa ndege wetu hapa Brussels, mbele yangu alisimama maman mmoja wa Lubumbashi, shingo imekakamaa kama amebeba ndoo ya maji kichwani. Afisa alimsalimu. Maman akaitikia kwa nyusi tu. Bahati mbaya, jani la matembele lilishachungulia kutoka kwenye kilemba.

Kilipofunguliwa, yakaanguka mashina ya kupanda, fungu zima.

"Cheti cha afya?" afisa akauliza kwa Kifaransa.

Maman akatoa kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. "Fièvre jaune, papa. Angaria, iko en ordre."

"Si chako, madame. Cha mmea. Huenda una wadudu au ugonjwa, lazima ukaguliwe kwanza huko ulikotoka."

"Wadudu? Nilizioshaka na sabuni, na pasteur akaziombea!"

Mashina yakaenda pipani. Maman akashika kiuno. "Alors, mu jardin yangu ya hapa Ganshoren nitapanda nini?"

"Panda viazi," afisa akasema kwa huruma kabisa. "Sisi Wabelgiji tunavikaanga vizuri."

Foleni nzima tukaguna kama tuko matangani. Sheria nimeielewa, jamani, na ina maana. Ila mfiwa hafarijiwi kwa chipsi.